Sura ya Tano: Kwetu Hakuna Kisukari, Mtoto Huyu Kakipata Wapi?

Mtoto wa miaka tisa anakonda. Anakunywa maji mchana kutwa, usiku anaamka kunywa tena, na ameanza kukojoa kitandani ilhali aliacha zamani. Anapimwa, sukari imepanda kupita kiasi, na wazazi wanaambiwa kwamba ataishi kwa sindano za insulini. Iwe ni Tanga mjini, Pangani, Muheza au Mkinga, swali la kwanza nyumbani huwa ni lile lile: kakipata wapi? Upande wa baba husema, "Kwetu hakuna ugonjwa huo." Upande wa mama nao husema hivyo hivyo. Baada ya hapo macho yote humgeukia mama. Alikula nini alipokuwa mjamzito? Chai aliyompa mtoto iliwekwa vijiko vingapi vya sukari? Wengine hutaja husuda, wengine jini.

Sura hii inajibu swali hilo. Jibu fupi ni kwamba ukoo mzima unaweza kuwa haujawahi kupata mgonjwa hata mmoja, na bado urithi uliomweka mtoto hatarini ukawa umetoka pande zote mbili. Jibu refu litatupitisha kwenye kongosho, kwenye malaria ya bonde la Mto Pangani, kwenye damu mchanganyiko ya watu wa pwani, hadi wodi ya watoto, ambako ugonjwa huu mara nyingi hupita bila kutambuliwa.

Kisukari cha bibi na kisukari cha mjukuu

Kisukari tunachokizoea ni cha watu wazima. Bibi wa miaka 60 anaambiwa apunguze wanga, atembee, ameze vidonge. Mwili wake bado unatengeneza insulini, ila haifanyi kazi ipasavyo. Insulini ni homoni, yaani kemikali inayobeba ujumbe kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine. Ujumbe wake ni huu: sukari itoke kwenye damu, iingie kwenye misuli na viungo vingine ikatumike. Kisukari cha namna hii huitwa aina ya 2.

Kisukari cha mjukuu ni ugonjwa mwingine, ingawa jina ni moja. Insulini hutengenezwa na seli beta, vijisehemu vidogo sana ndani ya kongosho, kiungo kilicholala nyuma ya tumbo. Kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya 1, seli hizo zimeuawa, na walioziua ni walinzi wa mwili wenyewe. Ugonjwa wa namna hii, ambapo kinga ya mwili inaugeukia mwili inaoulinda, tutauita ugonjwa wa kinga kujishambulia. Kaimati, chai ya sukari na machungwa ya Muheza havina hatia katika jambo hili. Mashambulizi huanza miezi au miaka kabla ya kiu ya kwanza, na dalili huonekana pale ambapo seli beta nyingi zimekwisha kuangamia.

Kwa karne nyingi mtoto wa aina hii hakupona. Mwezi Januari 1922, huko Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa kwa insulini, na ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukawa ugonjwa wa kuishi nao. Lakini chanzo kilibaki fumbo kwa miaka 50 zaidi. Mwaka 1974 watafiti wa London, Gian Franco Bottazzo na Deborah Doniach wakiwa miongoni mwao, walionyesha kwamba damu ya baadhi ya wagonjwa ina kingamwili zinazoshika seli za kongosho lao wenyewe. Kingamwili ni protini ambazo mwili hutengeneza ili zimnase mvamizi. Mwaka huo huo Jørn Nerup na wenzake wa Denmark walionyesha kwamba ugonjwa huu unaandamana na jeni fulani za kinga. Hapo ndipo swali la "kakipata wapi" lilipoanza kupata jibu la kisayansi.

*Kwa ufupi:* kisukari cha aina ya 1 hutokea kinga ya mwili inapoziua seli zinazotengeneza insulini. Hakiletwi na kula sukari.

Walinzi wanavyofundishwa kumjua wa nyumbani

Jeni ni maagizo tunayorithi, nusu kwa baba na nusu kwa mama, yanayouambia mwili utengeneze nini na kwa kiasi gani. Jeni nyingi hufanana kwa watu wote. Kundi moja halifanani hata kidogo: jeni za HLA, zilizokaa pamoja kwenye kromosomu ya 6. Kromosomu ni mkanda wa jeni, na kila binadamu ana jozi 23 za mikanda hiyo. Mfaransa Jean Dausset alieleza HLA ya kwanza mwaka 1958, na mwaka 1980 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Ili kuelewa kazi ya HLA, fikiria sinia. Seli fulani za kinga huzunguka mwilini zikiokota vipande vya protini, vya kwetu na vya wageni, kisha huviweka juu ya sinia na kuvitembeza. Wakaguzi wanaokuja kutazama ni seli T, aina ya chembe nyeupe za damu. Seli T ikiona kipande cha virusi, inapiga mbiu na vita vinaanza. Ikiona kipande cha mwili wenyewe, inapaswa kupita kimya. HLA ndiyo sinia. Kwa kuwa masinia hurithiwa na maumbo yake ni mengi, sinia langu linaweza kushika vizuri kipande ambacho kwenye lako kinateleza na kuanguka.

Seli T hazizaliwi na busara. Hufundishwa ndani ya tezi iitwayo thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambayo ni kubwa utotoni na hunywea kadiri mtu anavyokua. Humo huonyeshwa vipande vya protini za mwili mzima, insulini ikiwamo. Seli T inayokishambulia kipande cha nyumbani kwa nguvu huuawa palepale kabla haijaingia kwenye damu.

Mafunzo haya yana mianya miwili inayohusu kisukari:

1. Sinia lisiloshika vizuri. Baadhi ya maumbo ya HLA hukishika kipande cha insulini kwa ulegevu. Ndani ya thaimasi seli T hatari haikioni sawasawa, inafaulu mtihani na kuachiwa. Baadaye, kwenye kongosho ambako insulini ni tele, inakiona.
2. Insulini haba darasani. Mbele ya jeni ya insulini kuna sehemu inayojirudiarudia. Wenye marudio mafupi huweka insulini kidogo ndani ya thaimasi, na wenye marudio marefu huweka nyingi zaidi. Darasa lenye insulini nyingi huchuja seli hatari vizuri zaidi.

Mianya hiyo miwili haimfanyi mtu mgonjwa. Humwachia tu seli chache zenye uwezo wa kukosea, zikisubiri kitu cha kuziamsha.

Urithi unaotoka pande zote mbili

Maumbo ya HLA yana majina ya herufi na namba. Yanayotajwa sana katika kisukari cha watoto ni DR3 na DR4. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, mtoto aliyerithi DR3 kwa mzazi mmoja na DR4 kwa mwingine ndiye mwenye hatari kubwa kuliko wengine. Hapa ndipo kauli ya "kwetu hakuna" inapoishiwa nguvu. Baba ana DR3 peke yake na ni mzima maisha yake yote. Mama ana DR4 peke yake na ni mzima vilevile. Maumbo hayo mawili hukutana kwa mara ya kwanza ndani ya mtoto.

Hata hivyo kukutana kwayo si hukumu. Tafiti za Marekani zilizowafuatilia watoto wenye DR3 na DR4 tangu kuzaliwa zimeonyesha kwamba takriban mmoja kati ya 20 hupata kisukari kabla ya kufikia utu uzima. Waliobaki 19 hubeba jeni zilezile na hucheza mpira kama wenzao. Yapo pia maumbo yanayolinda. Mwenye umbo liitwalo DQ6 la aina fulani hupata kisukari hiki kwa nadra sana, hata akiwa na umbo lingine la hatari.

HLA hubeba takriban nusu ya hatari yote ya kurithi. Nusu nyingine imegawanyika kwenye jeni nyingi ndogo ndogo, zaidi ya 60 zilizokwisha kutambuliwa, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo. Ndiyo maana ugonjwa huu hautembei ndani ya ukoo kwa mstari ulionyooka kama ugonjwa wa kurithi wa selimundu.

Mambo matatu yafaa kukumbukwa pale lawama zinapoanza kurushwa:

- Katika nchi ambako jambo hili limehesabiwa vizuri, watoto wengi wanaougua, karibu 9 kati ya 10, hawana mzazi wala ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huo.
- Ndugu wa mtoto mgonjwa ana hatari kubwa kuliko mtoto mwingine wa mtaani, lakini bado uwezekano wa kubaki mzima ni zaidi ya asilimia 90.
- Mzazi mwenye kisukari cha aina ya 1 akiwa baba, hatari ya mtoto ni kubwa zaidi kuliko akiwa mama. Mazoea ya kumlaumu mama hayana hata takwimu za kuyasaidia.

*Kwa ufupi:* wazazi wawili wazima wanaweza kumpa mtoto mchanganyiko wa hatari bila wao kujua. Wengi wenye mchanganyiko huo hawaugui kamwe.

Kwa nini jeni za hatari hazikufutika?

Msomaji makini atauliza: ikiwa jeni hizi ziliwaua watoto kabla ya 1922, mbona hazijatoweka? Mkoa wa Tanga ni mahali pazuri pa kulijibu swali hilo, kwa sababu hapa kisa cha jeni yenye faida na hasara kinaonekana kwenye ardhi yenyewe.

Mwaka 1949 kijana aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alikusanya damu za makabila mbalimbali ya Kenya. Aliona kwamba jeni ya selimundu ni nyingi kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, na ni chache kwa watu wa nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana jeni imebaki, ingawa anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Mkoani Tanga unaweza kupima hoja hiyo kwa siku moja ya safari. Panda kutoka tambarare za Muheza na Korogwe kuelekea Amani au milima ya Usambara, na mbu wanapungua kadiri baridi inavyoongezeka. Watafiti waliochunguza damu katika vijiji vya chini na vya juu kaskazini mashariki mwa Tanzania wamekuta kwamba jeni za damu zinazokinga malaria nazo hupungua kadiri unavyopanda.

Malaria haikugusa jeni za damu peke yake. Iligusa pia jeni za kinga, HLA zikiwamo. Mwaka 1991 Adrian Hill na wenzake, wakifanya kazi Gambia, walionyesha kwamba watoto wenye umbo la HLA liitwalo B53 hukingwa dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo ugonjwa mmoja wa utotoni unaweza kuchagua ni masinia gani yatakayokuwa mengi katika jamii, na chaguo hilo likabaki hata baada ya ugonjwa wenyewe kupungua.

Mfano ulio karibu nasi zaidi umetoka Kilifi, safari ya saa chache tu kaskazini mwa Horohoro. Ipo jeni inayotengeneza breki ya kinga, yaani protini inayozituliza chembe za ulinzi zisipandwe na hasira kupita kiasi. Jeni hiyo ina namna moja yenye breki legevu. Mwaka 2010 ilichapishwa kwamba watoto wa Kenya waliorithi breki legevu kwa wazazi wote wawili hawakuwa rahisi kupata malaria kali. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba katika nchi nyingine urithi huo huongeza uwezekano wa kupata lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kujishambulia unaoathiri ngozi, viungo na figo. Na Sardinia, kisiwa cha Italia kilichoteswa na malaria hadi katikati ya karne ya 20, leo kinashika mojawapo ya nafasi za juu kabisa duniani, sambamba na Finland, kwa kisukari cha watoto. Mwaka 2017 watafiti wa huko walieleza jeni inayoongeza kingamwili, ambayo huchangia magonjwa mawili ya kinga kujishambulia, na wakaona dalili kwamba zamani iliwasaidia watu kuikabili malaria.

Kinga kali ilikuwa mali pale ambapo watoto wengi walikufa kwa homa. Gharama yake hulipwa na wachache, mara nyingine vizazi vingi baadaye.

Damu ya pwani haimo vizuri vitabuni

Mengi tuliyoyasema kuhusu DR3 na DR4 yamepatikana kwa kuchunguza watu wa Ulaya na Marekani. Je, yanatuhusu Wadigo, Wabondei, Wasegeju, Wazigua, Wasambaa na wahamiaji wa karne nyingi waliooana nao?

Yanatuhusu kwa sehemu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulisoma vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, kuanzia pwani ya Kenya hadi Kilwa. Kwa wengi wao, urithi wa upande wa kike ulikuwa wa Kiafrika karibu wote, na urithi wa upande wa kiume kwa sehemu kubwa ulitoka Asia, hasa Uajemi, tangu takriban mwaka 1000. Magofu na makaburi ya Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, ni ya ulimwengu huohuo wa majahazi na biashara. Kila jahazi lililoleta mume lilileta pia maumbo yake ya HLA.

Afrika nayo ina maumbo yake ambayo Ulaya haina au inayo kwa uchache. Uchunguzi wa Wamarekani weusi unatoa mifano miwili ya kushangaza. Kuna DR3 ya Kiafrika ambayo inashiriki jina na ile ya Ulaya, lakini yenyewe hulinda badala ya kudhuru. Na kuna DR7 ambayo Ulaya huhesabiwa kuwa ya kheri, ilhali namna yake ya Kiafrika huongeza hatari. Kipimo cha jeni kilichotengenezwa kwa Wazungu kinaweza basi kumwogofya mtoto wa Pangani asiye na hatari, na kumtuliza aliye nayo.

Jeni peke yake haitoshi

Pacha wawili wa yai moja wana jeni zile zile. Mmoja akipata kisukari cha aina ya 1, mara nyingi mwenzake hubaki mzima kwa miaka mingi, na wapo ambao hawaugui kabisa. Kitu cha nje lazima kiwe na mkono.

Ushahidi mkubwa zaidi uko kwenye mipaka. Finland ina kiwango kikubwa kuliko nchi zote, takriban watoto 50 hadi 60 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Ng'ambo ya mpaka, Karelia ya Urusi, watu wana HLA zinazofanana sana na za Wafini, na kisukari ni karibu mara sita chini. Sweden nako, utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba watoto wenye asili ya Afrika Mashariki, hasa Somalia, Ethiopia na Eritrea, wana hatari kubwa ya ugonjwa huu. Wazo kwamba Mwafrika kwa asili yake hapati kisukari hiki halisimami.

Basi ni nini kilichomo kwenye mazingira? Virusi fulani vya tumboni vinashukiwa kuamsha seli T zilizolala. Wazo jingine linatugusa sisi wa pwani moja kwa moja. Mwaka 1968 daktari Mwingereza Brian Greenwood, akiwa Ibadan nchini Nigeria, aliona kwamba magonjwa ya kinga kujishambulia ni nadra sana kwa wagonjwa wake, akahoji kama vimelea vina sehemu katika jambo hilo. Mwaka 1970 yeye na wenzake walionyesha kwamba panya wenye mwelekeo wa ugonjwa wa namna hiyo, wakiambukizwa malaria ya panya, hawaugui sana. Mwaka 1999 Anne Cooke wa Cambridge na wenzake walionyesha kwamba panya wanaopata kisukari cha kinga kujishambulia huepushwa nacho wakiambukizwa kichocho. Minyoo na vimelea huishi mwilini kwa miaka, na ili visifukuzwe hujifunza kuituliza kinga.

Tanga ni mkoa ulioyajua yote hayo: malaria, kichocho, matende na mabusha. Na ni mkoa unaobadilika haraka. Katika vijiji vya chini wilayani Korogwe, mwaka 2003 zaidi ya watoto na vijana 7 kati ya 10 walikutwa na vimelea vya malaria kwenye damu. Kufikia 2008 walikuwa chini ya 2 kati ya 10. Dawa za matende na minyoo zimegawiwa kijiji kwa kijiji. Hizo ni neema, na hakuna anayepaswa kutamani minyoo irudi. Malaria imeua watoto wengi mno kuliko kisukari. Lakini ikiwa wazo la Greenwood ni sahihi hata kwa sehemu, kizazi kinachokua sasa kina kinga ileile ya mababu bila adui aliyeizoesha kutulia.

*Kwa ufupi:* jeni huweka uwezekano, mazingira huamua nani ataugua, na mazingira ya pwani yetu yanabadilika.

Namba za Dar es Salaam na fumbo la Uganda

Mwaka 1993 Andrew Swai, Janet Lutale na Donald McLarty wa Muhimbili walichapisha hesabu ya miaka kumi kutoka Dar es Salaam. Kwa kila watoto na vijana 100,000 walio chini ya miaka 20, waligundulika wagonjwa wapya 1.5 kwa mwaka. Finland wakati huo ilikuwa juu kwa mara nyingi zaidi.

Namba ndogo kiasi hicho ina maelezo matatu, na hakuna linalozuia jingine: jeni zetu ni tofauti, mazingira yalitulinda, au watoto waliugua na kufa bila mtu kuwapima sukari. La tatu linahuzunisha zaidi kwa kuwa lilikuwa linazuilika.

Miaka ya karibuni fumbo limezidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 uliwachunguza vijana wapatao 900 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini walioanza kisukari kabla ya miaka 30 na kuhesabiwa kuwa na aina ya 1. Karibu theluthi mbili hawakuwa na kingamwili zinazoshambulia kongosho, na mzigo wao wa jeni za hatari ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao wenye kingamwili. Hawakufanana na wagonjwa wa aina ya 2 pia. Inaonekana kusini mwa Sahara, Uganda ikiwamo, kuna kisukari cha vijana kinachohitaji insulini ambacho hakikuletwa na kinga kujishambulia. Mwaka huohuo wa 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliutambua rasmi ugonjwa unaohusishwa na utapiamlo wa utotoni, likauita kisukari cha aina ya 5.

Kwa familia, maana yake ni moja. Kukosekana kwa kingamwili kwenye kipimo si ruhusa ya kuacha insulini.

Ugonjwa unaojificha nyuma ya homa

Insulini ikikosekana kabisa, mwili huanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na mabaki yake huifanya damu kuwa na asidi. Mtoto hutapika, tumbo humuuma, huhema kwa nguvu na kwa kasi, hulegea, kisha hupoteza fahamu. Msomaji wa pwani ataona mara moja tatizo liko wapi: hizo ni dalili ambazo sisi tunaziita malaria kali, nimonia au degedege.

Kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kupotosha zaidi. Mahali penye malaria, mtoto anaweza kuwa na vimelea vichache ambavyo mwili wake umevizoea, huku kinachomuua ni kitu kingine. Majibu ya "ana malaria" hayafuti kisukari.

Dawa ya kosa hilo ipo tayari wodini. Miongozo ya malaria kali hudai mtoto apimwe sukari, kwa sababu malaria huishusha, na kwinini iliishusha zaidi kwa kuichochea kongosho kumwaga insulini. Hospitali ya Teule ya Muheza na ile ya Korogwe zilishiriki katika utafiti mkubwa wa Afrika uliochapishwa mwaka 2010, ulioonyesha kwamba sindano ya atesuneti hupunguza vifo vya watoto kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na kwinini. Kwinini imeachwa nyuma, ila tone la damu la kupima sukari limebaki. Tone lilelile linalotafuta sukari iliyoshuka hufichua iliyopanda. Mtoto mwenye dalili akisoma 11.1 mmol/L au zaidi kwenye mashine, kisukari kimejitokeza na hawezi kurudishwa nyumbani hadi kesho.

Mzazi, mwalimu wa chekechea na mwalimu wa madrasa wazijue ishara hizi:

- kiu isiyokatika, hata usiku;
- kukojoa mara kwa mara, au kurudia kukojoa kitandani;
- kukonda ilhali anakula;
- uchovu usio wa kawaida yake;
- kutapika na kuhema kwa nguvu, wakati mwingine pumzi ikinuka kama tunda lililoiva mno.

Ishara mbili za kwanza zikikutana, mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo na utaje neno lenyewe: "Naomba apimwe sukari." Kwa mganga utakwenda baadaye ukipenda, baada ya kipimo.

Na kikao cha ukoo kitakapokaa kuuliza kakipata wapi, jibu lao ni hili: kakipata kwetu sote, kwa baba na kwa mama, kwa mababu waliookoka homa, na kwa jambo fulani la nje ambalo hakuna aliyelileta kwa makusudi. Mama asilaumiwe. Insulini isikatishwe hata siku moja. Fedha ambazo zingetumika kumtafuta mchawi zinunue vijiti vya kupimia sukari.